Jaji Mwalusanya na Shamba la Bi Holaria

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi wa sheria na wasaidizi wa kisheria)

Mwenyekiti, mawakili wenzangu, wanafunzi, na ninyi wasaidizi wa kisheria mliodamka alfajiri kuwahi basi za wilayani, nawasalimu wote. Nimeombwa nimzungumzie mwanasheria mmoja aliyefungua njia katika haki za binadamu, na kumchagua nikaachiwa mwenyewe. Najua wapo waliokaa hapa wakisubiri jina la Geneva au la Washington. Jina nililokuja nalo ni la hapa hapa: James Mwalusanya, Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, aliyeketi Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sitawasomea wasifu wa shule alizosoma na vyeo alivyopanda. Jaji husomwa kwenye hukumu zake, na za huyu zinatosha kutuweka hapa mpaka jioni. Nitaikalia moja kwa muda mrefu, nyingine nitazipitia mbio, halafu kuna moja ya Dodoma ambayo hatuwezi kuiruka.

Tuanze na hali ilivyokuwa, maana vijana wengi hapa mmezaliwa mkaikuta Ibara ya 13, ile ya usawa mbele ya sheria, imeshakaa kwenye Katiba, mkadhani ilikuwapo siku zote. Haikuwapo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Katiba yake haikuwa na orodha ya haki ambazo raia angeweza kwenda kuzidai mahakamani. Na wala haikuwa bahati mbaya. Viongozi wa TANU walikataa kwa makusudi, na hoja zao walizitoa hadharani: nchi changa ina haraka ya maendeleo, na majaji wa siku zile karibu wote walikuwa wageni, ukiwapa kalamu ya kufuta sheria za Bunge, watakwamisha mipango ya serikali ya wananchi. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja, mwaka 1965, nayo ikakataa. Hoja ile haikuwa ya kijinga. Lakini mtu aliyekamatwa chini ya Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, isiyodai mashtaka wala hukumu, hoja hiyo haikumsaidia kitu.

Ilichukua mpaka mjadala wa Katiba wa 1983 na 1984, na sauti kali kutoka Zanzibar, ndipo haki zikaingizwa kwa Marekebisho ya Tano ya Katiba, Sheria Namba 15 ya 1984. Hata hapo serikali ikaomba muda. Kwa miaka mitatu, mpaka Machi 1988, haki zilikuwa ndani ya Katiba lakini hakuna aliyeruhusiwa kwenda nazo mahakamani. Muda huo ulikusudiwa kusafisha sheria mbovu. Miaka mitatu ikaisha, na kazi kubwa ya usafi ikawa bado haijaguswa.

Basi Machi 1988 mlango ukafunguliwa. Majaji wengi walisogea kwa tahadhari, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Mwalusanya alikuwa hapa Mwanza, masjala inayopokea mashauri ya Kanda ya Ziwa: wizi wa ng'ombe, mashamba, mirathi, watu walionyimwa dhamana. Mashauri ya watu wa kawaida. Hakusubiri profesa alete shauri la kikatiba lenye jina kubwa. Alichukua hayo hayo yaliyokuwa mezani, akayasoma kwa Katiba.

Sasa Bi Holaria.

Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa Kihaya wa Muleba. Aliachiwa na baba yake shamba la ukoo, tena kwa wosia halali. Shikeni hapo kwenye wosia: mzee mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliamua binti yake ndiye apate. Miaka ikaenda, Bi Holaria akazeeka, nguvu zikamwishia, wa kumtunza hana. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza lile shamba kwa Gervazi Kaizilege, mtu wa nje ya ukoo, kwa shilingi 300,000. Tarehe 25 Agosti, Bernardo Ephrahim, ambaye Bi Holaria ni shangazi yake, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha kuomba mauzo yatamkwe kuwa batili.

Angalieni tarehe hizo. Wa kumtunza bibi hakuonekana miaka yote, wa kumshitaki akapatikana kwa siku moja.

Wanaotoka Kagera wanajua kibanja ni kitu gani. Ni migomba na mibuni, nyumba iko katikati, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Mtu wa ukoo akisikia kibanja kimekwenda kwa mgeni, haoni mauzo ya ekari kadhaa, anaona babu yake ameuzwa. Siwalaumu kwa uchungu huo, na naomba nanyi msiwadharau, kwa sababu mtakutana nao kila wiki huko mnakofanya kazi. Lakini mila ile ilikuwa na sehemu mbili. Mwanamume akiuza shamba la ukoo bila kuwashirikisha wenzake, ukoo ulikuwa na haki ya kulikomboa: mnamrudishia mnunuzi pesa yake, mnachukua shamba. Asipotokea wa kukomboa, mauzo yanasimama. Mwanamke akiuza, hakuna mauzo. Ni kama hakufanya kitu.

Na mila hiyo ilikuwa imeshaandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi iliyomhusu sana Hans Cory, mtaalamu mzaliwa wa Austria aliyekuwa ameitumikia serikali ya kikoloni, na zikatangazwa kama Azimio la Sheria za Mila. Urithi uko katika Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963. Mtoto wa kiume wa kwanza ni mrithi wa daraja la kwanza, wanaume wengine wa pili, mabinti wa tatu. Kanuni ya 20 inasema wanawake wanaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wanaweza kuitumia maisha yao yote bila kuiuza. Wataimiliki moja kwa moja tu pale ambapo ukoo hauna mwanamume. Huwa nawaambia wanaojenga hoja ya "mila zetu za tangu na tangu": mila unayoitetea mbele ya hakimu ina namba ya Gazeti la Serikali.

Kashasha walifuata Kanuni ya 20 kama ilivyo. Mauzo batili, Bi Holaria arudishe shilingi 300,000. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, Muleba, na hapo likatokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Hakimu wa wilaya aliandika, katika sentensi chache tu, kwamba huo wa kumwachia mwanamke matunda ya shamba na kumnyima shamba ni msimamo wa zamani, na kwamba tangu haki za binadamu zilipoingia kwenye Katiba wanawake wa ukoo wana haki sawa na wanaume wa ukoo. Akampa ushindi. Hakimu wa wilaya, wilayani Muleba, mwaka mmoja au zaidi kidogo tangu mlango ufunguliwe! Tunapomsifu Mwalusanya tukumbuke kwamba aliletewa hukumu iliyokwishathubutu.

Bernardo naye akakata rufaa, na shauri likaja hapa Mwanza: Rufaa ya Madai Namba 70 ya 1989. Hukumu ikatoka tarehe 22 Februari 1990.

Wanafunzi, mkitaka kujifunza ufundi, tazameni vizuizi vilivyokuwa mbele ya jaji. Cha kwanza kilikuwa Mahakama Kuu yenyewe. Mwaka 1968, katika shauri jingine la Wahaya, Jaji Hamlyn alisema anawaelewa wanawake wanaolalamika, lakini kubadilisha mila si kazi ya mahakama. Mila ibadilishwe na jamii yenyewe. Cha pili kilikuwa kizito zaidi: Mahakama ya Rufani ilikwishaamua mwaka 1981 kwamba mwanamke wa Kihaya hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji wa Mahakama Kuu hana ubavu wa kuitengua Mahakama ya Rufani. Na cha tatu ni hiki ambacho hata mawakili husahau: Ibara ya 13 ya wakati ule, ilipoeleza ubaguzi ni nini, haikutaja jinsia. Neno hilo liliingizwa mwaka 2000. Mwalusanya alikuwa anaandika miaka kumi kabla.

Alifanyaje? Mahakama ya Rufani aliipita kwa heshima: hukumu ile ilitolewa kabla ya haki kuingia kwenye Katiba, na sasa sheria imebadilika. Pengo la Ibara ya 13 alilijaza kwa mikataba. Ibara ya 9 ya Katiba inaelekeza kwamba heshima ya mtu ilindwe kwa kufuata kanuni za Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la 1948. Basi Tangazo hilo si mgeni humu ndani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake mwaka 1985. Basi serikali haiwezi kusaini huko nje kisha wanawake wake wakakuta kitu kingine mahakamani. Akauleta na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, akasema hivi ni viwango ambavyo taifa lolote lililostaarabika lingeona aibu kushuka chini yake.

Halafu akaokota kifungu ambacho wengi hawakukitazama: kifungu cha 5 cha Sheria Namba 16 ya 1984, ile ya mpito. Kilisema mahakama zisome sheria zilizokuwapo, za mila zikiwemo, kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Kwa maneno mengine jaji hakulazimika kuifuta Kanuni ya 20. Aliruhusiwa kuisoma ikiwa imerekebishwa. Na ndivyo alivyofanya. Tangu siku ile, akasema, wanawake kama wanaume wanaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza.

Je, ukoo? Hapa ndipo ninapompendea. Hakuufukuza. Alisema ile haki ya kukomboa ibaki, ila sasa iwe kwa wote: auze mwanamume au auze mwanamke, mwana ukoo anayeliona shamba kuwa la babu yake aje na pesa. Bernardo akapewa miezi sita. Ukilitaka shamba, lete shilingi 300,000 umrudishie mnunuzi. Miezi sita ikiisha bila pesa, shamba ni la Kaizilege. Mapenzi ya ukoo yakapewa bei ile ile aliyolipa mgeni. Sijui hukumu nyingine ya nchi hii iliyomaliza ugomvi wa mila kwa haki namna hiyo.

Wapo wanaomcheka kwa lugha yake. Alifungua hukumu kwa kutangaza kwamba rufaa ile inahusu haki za wanawake na kwamba ukombozi wa wanawake umo juu kabisa kwenye ajenda, na kuna mawakili watakaokwambia hiyo ni lugha ya mkutano wa hadhara. Ni kweli alipenda madaha, na mara nyingine anakurundikia mifano ya nchi za nje mpaka unapotea njia. Nami naona kheri jaji anayekuonyesha anakokwenda kuliko yule anayekuficha nyuma ya Kilatini. Na hakuwa wa kwanza kuona ubovu wa ile mila. Mwaka ule ule wa 1968 ambao Hamlyn alinawa mikono, Jaji Augustine Saidi, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, akiamua shauri la Wachaga aliandika kwa ukali juu ya ndugu wavivu wanaokaa kusubiri mwenzao mwenye mali na asiye na mtoto wa kiume afe, ili wamnyang'anye binti yake. Maneno hayo Mwalusanya aliyajua na aliyatumia. Saidi alikuwa na hasira, Katiba hakuwa nayo. Mwalusanya alikuwa na vyote viwili.

Nipite haraka kwenye nyingine. Mwaka 1988, mara tu baada ya mlango kufunguliwa, lilimfikia shauri la Chumchua Marwa, aliyekuwa anashikiliwa Gereza la Musoma kwa amri ya kuhamishwa. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1921, ya Gavana, ambayo Rais aliirithi: inamruhusu kumwondoa mtu sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine bila kumfikisha mahakamani. Mwalusanya alisema sheria hiyo haiendani na Katiba. Kisha Daudi Pete, naye wa Musoma, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, kosa ambalo kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kililiwekea marufuku ya dhamana. Mwalusanya alikikataa kifungu, Mkurugenzi wa Mashitaka akakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubali kwamba kifungu kile kinavunja Katiba. Mkisoma leo hukumu ya Nyalali jinsi inavyoeleza haki za mtu na wajibu wake kwa jamii, kumbukeni ilianza na ombi la dhamana la mtu wa Musoma.

Na akiwa Dodoma, katika shauri la Peter Ng'omango, aliikataa sheria iliyomtaka mwananchi apate kwanza ridhaa ya serikali kabla ya kuishitaki serikali hiyo hiyo. Mahakama ya Rufani ilifika huko huko katika shauri la Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993. Mwaka uliofuata Bunge likaiondoa ridhaa na kuweka notisi ya siku 90. Kwa hiyo mnapolalamikia zile siku 90, na mnayo haki ya kulalamika, mjue kabla yake kulikuwa na nini.

Dodoma ndiko kwenye ile hukumu nyingine. Juni 1994, Jamhuri dhidi ya Mbushuu. Watu wawili walikuwa wametiwa hatiani kwa mauaji, na adhabu chini ya Kanuni ya Adhabu ni moja tu, kunyongwa mpaka kufa. Hakimu wala jaji hana cha kuchagua. Mwalusanya akauliza kama adhabu yenyewe inakubalika chini ya Katiba inayokataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kwa namna ya kinyama na ya kumdhalilisha.

Alichokifanya ni kulazimisha mahakama iangalie. Sisi wanasheria husema "adhabu ya kifo" kisha tunafunga jalada, tunakwenda kula. Katika shauri lile mahakama iliwekewa mezani maelezo ya kazi yenyewe inavyofanyika. Mfungwa huangushwa kupitia mlango wa sakafuni akiwa na kamba shingoni. Urefu wa kamba hukadiriwa kwa uzito wa mwili wake na ugumu wa misuli ya shingo. Mnyongaji akikosea ikawa ndefu, kichwa kinaweza kung'oka; akikosea ikawa fupi, shingo haivunjiki, mtu anakufa taratibu kwa kukosa pumzi. Mwalusanya aliyapima hayo, akayapima na hatari ya kumnyonga asiye na hatia, na maskini anayetetewa na wakili wa kupangiwa ambaye hakumchagua, na kusubiri kwenye chumba cha waliohukumiwa kifo mwaka baada ya mwaka. Akatamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba, akawapa wale wawili kifungo cha maisha.

Ilidumu miezi saba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani, majaji Makame, Ramadhani na Lubuva, ikaitengua. Lakini someni walivyoitengua. Walikubaliana naye kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha. Wakasema hata hivyo Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, na kwamba kuamua kama nchi inaihitaji adhabu hii ni kazi ya jamii kupitia Bunge lake. Mimi hapo huwa nakwama. Ukishakubali kwamba kitu ni cha kinyama, na Katiba inakataza unyama, maslahi ya umma yanaingilia wapi? Majaji wale ni wakubwa zangu na nawaheshimu, ila hoja hiyo sijawahi kuimeza.

Miezi minne baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la Makwanyane na kuiondoa adhabu ya kifo katika nchi iliyokuwa na historia ndefu ya kunyonga. Katika hukumu yao majaji wale waliichambua Mbushuu, ya Dodoma na ya Rufani. Na tarehe 28 Novemba 2019, Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake iliamua kwamba sheria ya Tanzania isiyomwachia jaji nafasi ya kuchagua adhabu inavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Hapo alikuwa amesimama Mwalusanya miaka 25 nyuma. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imejitoa kwenye tamko linalowaruhusu raia na asasi zake kuishitaki moja kwa moja katika mahakama ile. Mahakama iko Arusha, jirani zetu kabisa, na Mtanzania tangu Novemba 2020 hafiki kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye urithi wake, na hapa sitawapamba.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu. Kwa sheria hiyo, ombi la haki za msingi husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Waliotetea sheria watakwambia mambo mazito yanahitaji vichwa vitatu. Inawezekana. Lakini tafuteni kati ya hukumu nilizozitaja ya Mwalusanya iliyoandikwa na vichwa vitatu. Hamtaipata. Zote zilitokana na jaji mmoja aliyekuwa na shauri la kawaida mbele yake. Mwaka 2020 sheria hiyo ikaongezwa sharti kwamba mwombaji aonyeshe namna alivyoathirika yeye binafsi. Na kwenye dhamana mambo yamepanda na kushuka: Februari 2018 Mahakama ya Rufani iliondoa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashitaka ya kuzuia dhamana kwa hati yake, na Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, mahakama hiyo hiyo ikasema orodha ya makosa yasiyo na dhamana haivunji Katiba.

Je, mabinti? Upande wa ardhi, Bunge lilifanya vizuri. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kifungu cha 20 cha hiyo ya vijiji kinabatilisha mila inayomnyima. Kenya nayo, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani katika shauri la Rono iliwagawia mabinti urithi kwa kutegemea mikataba ile ile ya kimataifa.

Lakini Tangazo Namba 436 lenyewe halikuguswa. Marekebisho aliyoyafanya Mwalusanya yako ndani ya hukumu ya Kiingereza iliyo kwenye rafu ya maktaba. Kitabu kilicho mezani kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kina Kanuni ya 20 kama ilivyochapwa 1963. Mkitaka kujua madhara yake, someni shauri la wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga. Waume zao walifariki wakiacha watoto wadogo, shemeji wakachukua usimamizi wa mirathi, nao wakaondolewa majumbani mwao. Kanuni inayomhusu mjane inasema hana fungu mradi marehemu ana ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Walikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, ikakataa kuzibatilisha, kwa hofu kwamba kila jamii ingekuja na malalamiko ya mila zake, ikashauri halmashauri za wilaya ndizo zianzishe mabadiliko. Ni Hamlyn tena, wa 1968, na Katiba ikiwa mezani. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri. Tarehe! Ikabidi waende mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja wajibu wake, iwalipe fidia, na izifute kanuni hizo au izirekebishe.

Kwa hiyo nikiulizwa Mwalusanya alishinda au alishindwa, jibu langu linategemea ninamjibu nani. Kwa wanafunzi nasema: kazi yake nyingi ilikuwa ya kusoma. Kifungu cha 5 cha sheria ya mpito kilikuwa mbele ya kila jaji wa nchi hii, na wengi walikipita.

Kwa wasaidizi wa kisheria nina la kazi zaidi. Akija binti kwako na shamba la baba yake, usimfikishe Mahakama ya Mwanzo na hotuba ya ukombozi. Hakimu ana mafaili arobaini na hana muda. Anza na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, maana hicho ni cha Bunge na hakibishaniwi. Weka Ibara ya 13, ambayo sasa imetaja jinsia. Kisha mpe nakala ya Rufaa ya Madai Namba 70 ya 1989, na umkumbushe kwa adabu kwamba ni ya Mahakama Kuu, inamfunga. Upande wa pili ukilia kwamba shamba linakwenda kwa wageni, usiwabeze. Waambie jaji aliwaachia njia, na njia yenyewe inaanza kwa kumrudishia mnunuzi pesa yake. Mara nyingi hapo ndipo kelele hupungua.

Nakala za hukumu zipo kwa katibu, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa tatu ambao wenzetu wameuandaa. Chukueni na za wenzenu walioshindwa kuja. Mwenyekiti, nimeona mikono imeanza kuinuka tangu nilipoitaja Mahakama ya Rufani. Naomba tuanze na yule dada wa mstari wa nyuma, kisha huyu kijana aliyekunja uso.